Ukanda Shingoni mwa Waseme

Mtunda, mwezi 2 Mfunguo nne, 1324

Naanza kuandika leo katika kurasa za nyuma za daftari la pamba. Akida alilisahau kwangu mwaka jana alipokimbia vita, maana mimi Mfaume, mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye niliyekuwa nikimwandikia majina ya watu waliotakiwa kulima pamba ya Mdachi. Chuoni wamebaki watoto wanne. Mwalimu asiyeandika mkono humganda, basi nimeona nisiache karatasi ziliwe na mchwa.

Mvua zimeanza kujipanga. Mpunga umefika magotini. Karibu wote kaupanda mke wangu Mwanawetu, mimi nikiwa kitandani na homa, na kila asubuhi huenda kuutazama kabla hajanitazama mimi. Akiba nyingine hatuna. Ng'ambo ya mto askari wamechoma maghala, na mwaka huu atakayekosa mpunga wake hana wa kumwomba.

Mwezi 3

Mvua kutwa. Nimefunga upya ngazi ya dungu la kulindia shamba, maana mpunga ukianza kubeba nguruwe hawatangoja nijitayarishe.

Mwezi 4

Mbwa amekuja.

Nilikuwa barazani nikimsikiliza mtoto wa Salumu akikosea sura ileile anayoikosea tangu Ramadhani. Mwanawetu alikuwa akitwanga. Mchi ukanyamaza, nikamsikia anasema, "Waseme." Tumeoana miezi miwili na zaidi, na mimi sijawahi kuitwa kwa sauti ile.

Waseme ni mbwa wa Tamimu, mume wake wa kwanza, mwindaji. Alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliokuwa wakinung'unika kwamba Mwislamu anafuga mbwa. Kila akimwita mbwa wake, wao wanajibiwa. Mwaka jana, Mfunguo tisa, Tamimu alikunywa maji ya dawa pamoja na vijana wengine, akamwacha mkewe talaka moja, akavuka mto kwenda upande wa Mbwara kupigana. Mbwa alimfuata, wakati huo kijibwa cha miezi sita. Talaka ile niliiandika mimi. Sijapata kuandika hati nzuri kuliko ile. Na eda ya Mwanawetu niliihesabu kuliko alivyoihesabu mwenyewe. Ilipokwisha sikungoja wiki mbili kupeleka posa.

Sasa mbwa amerudi peke yake. Amekuwa mkubwa, mbavu zinahesabika, na shingo inanuka. Ukanda wa ngozi aliofungwa utotoni haujalegezwa kwa muda mrefu, nyama imeumeza, na hakuna kinachoonekana ila kidonda kilichozunguka. Mwanawetu alikishika kichwa chake kwa mikono miwili. Nilimkumbusha kwamba mate ya mbwa ni najisi, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

"Udongo upo mwingi, Mwalimu," akanijibu.

Mwezi 5

Ukanda umetoka. Nimechoka lakini haya lazima niyaandike.

Asubuhi Mwanawetu alimtuma mtu kwa ngariba Huseni amwombe wembe. Huseni akajibu kwamba wembe wake umewatia jandoni nusu ya wanaume wa Mtunda na hautamalizia kazi kwa mbwa. Sikumlaumu. Kinyozi naye akasema hivyohivyo. Basi mke wangu akasimama mlangoni akikitazama kisu changu cha kuchongea kalamu, nilichorithi kwa baba yangu, chembamba, chenye makali ya kupasua unywele. Nilimwacha asimame mpaka nilipoona haya mimi mwenyewe.

Tulimlaza chini ya mchongoma nyuma ya nyumba. Mwanawetu alimfunga mdomo kwa kipande cha kaniki akamlaza kichwa mapajani mwake. Shangazi yake, Bi Mwanamina, jirani yetu, aliikalia miguu ya nyuma huku akisema kwamba katika umri wake alitazamia kukalia viti vya harusi. Nikakata. Usaha ulitoka, halafu damu, halafu ngozi ya ukanda ikaanza kuchungulia. Niliivuta kidogo kidogo kama mtu anayetoa uzi kwenye mshono wa zamani. Mbwa hakufurukuta. Alinikojolea kanzu, basi. Na muda wote mke wangu alikuwa amemwinamia sikioni akimwambia maneno ambayo sikuyasikia.

Ukanda ulipotoka ulikuja na kifuko kidogo cha ngozi kilichoshonwa pande zote, kinene kama kidole gumba. Wawindaji huwavalisha mbwa mizizi ya dawa wasipoteze harufu ya mnyama. Mwanawetu akauliza kuna nini ndani. Nilimwambia nitatazama. Nikaenda nyuma ya choo, nikakikata kwa kisu kilekile, nikakaa huko kitambo. Niliporudi nilimwambia ni mizizi, nimeifukia.

Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akapaka asali, akafunga kaniki safi. Mbwa alipoamka alianza kujikuna kwa mguu wa nyuma, akaufumua mfungo wote. Mwanawetu akachukua kawa la kunifunikia chakula, akatoboa tundu juu, akamvisha mbwa shingoni, na sasa mguu haufiki. Anatembea uani na kawa langu kama mtu mwenye cheo. Wali wangu wa jioni ulifunikwa kwa ungo.

Kisu nimekiosha mara saba. Mikono nimeiosha mara saba, kisha nikaanza upya kwa kuwa katikati niliisahau hesabu.

Mwezi 6

Haikuwa mizizi. Ilikuwa karatasi, imekunjwa mara nyingi, imepakwa nta. Haikuanza kwa bismillahi, na aliyeiandika amesema sababu, kwamba jina la Mungu haliwezi kupanda shingo ya mbwa. Mkono ni wa mtu anayejua kuandika. Inasema kwamba mwezi kumi na mbili Rajabu, Tamimu amemrejea mkewe Mwanawetu, mbele ya Haruni aliyeandika na Mwinyimvua.

Mwezi kumi na mbili Rajabu eda ilikuwa haijafika hata nusu. Mtoto wa chuo anaijua sheria hii. Talaka moja ni talaka rejea, na mume akimrejea mkewe ndani ya eda, hata akiwa mbali, hata mke mwenyewe asijue, huyo ni mkewe. Sihitaji kadhi wa kunieleza. Nimemwoa mke wa mtu.

Papo hapo karatasi inaeleza kwa nini alimwacha. Waliopewa dawa waliambiwa wakae mbali na wake zao mpaka vita viishe, risasi zipate kugeuka maji. Wenzake walihama vitanda. Tamimu yeye, kwa kuogopa asije akavunja mwiko, akaona amwache mke kabisa. Huko kambini wakamcheka, akafahamu kwamba hakutakiwa afanye vile. Ningependa kumcheka na mimi.

Karatasi nimeichomeka kwenye paa la jikoni. Nimemwambia Mwanawetu kwamba kuanzia leo nitalala dunguni kwa sababu ya nguruwe. Akasema mpunga haujabeba. Nikasema nguruwe hawasomi kalenda.

Mwezi 10

Ashura. Nimefunga. Mbwa amekula kambale.

Mwezi 14

Mtu asidhani nina wivu na mbwa. Nilichonacho ni kinyaa, nacho kina dalili katika vitabu. Lakini kila nikishuka dunguni asubuhi namkuta Mwanawetu ameshafungua mfungo, ameosha, amepaka asali, na anazungumza. Na mimi hunipa uji akaniuliza habari za panya wa shambani. Nilisimama leo nyuma ya kiambaza nikasikiliza. Alikuwa akimwuliza, "Ulimwacha wapi? Ulimwacha akiwa mzima?" Mbwa alikuwa akipiga mkia chini.

Nimeandika kinyaa. Ni wivu.

Mwezi 17

Bi Mwanamina kaniambia, kwa ule mzaha wake usio mzaha, kwamba mwanamume anayekimbilia dunguni kabla mpunga haujabeba ama kaoga maji ya dawa, ama kaota mke mwingine. Nikacheka. Nilicheka kwa muda mrefu kuliko mzaha ulivyostahili.

Mwezi 19

Askari wanne wamepita na mnyapara wao. Wanatafuta waliorudi kutoka ng'ambo. Wakauliza mbwa ni wa nani, na kabla sijafungua kinywa Mwanawetu akasema, "Ni wa Mwalimu." Walipoliona kawa walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakachukua kuku wawili wakaenda. Sijui nifurahi kwamba amesema ni wangu au nihuzunike kwa jinsi uwongo ulivyomtoka kwa urahisi. Halafu nikakumbuka mimi ni nani wa kusema hivyo.

Mwezi 25

Mto umepanda. Mfungo wa leo haukuwa na usaha.

Mwezi 27

Mwanawetu ameniuliza mara ya pili habari za kifuko. Alikuwa akipepeta, hakuniinulia macho. Aliuliza mizizi ile ilikuwa ya mti gani. Nikasema siijui miti ya wawindaji. Akasema Tamimu alikuwa akitumia mizizi ya mkole, ina harufu, na mkono wangu siku ile haukuwa na harufu. Nilimjibu kwamba siku ile mkono wangu ulinuka mbwa. Akaendelea kupepeta.

Nisemapo kwamba usiku silali, sisemi kwa kupamba. Lakini wacha hayo. Jambo linalonikaa rohoni ni ukanda. Mwanawetu alimwambia shangazi yake, nami nikiwapo, kwamba Tamimu ni mtu aliyekuwa akilegeza ukanda wa mbwa kila mwezi. Kama angekuwa naye angelegeza. Basi tangu siku alipomfunga kifuko kile hawakuwa pamoja. Alisema hayo kwa utaratibu, kisha akaingia ndani, na Bi Mwanamina akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyemlegeza mtu ukanda.

Ninamwonea wivu mtu ambaye huenda amekufa. Na nikiomba awe amekufa, naomba nini? Na nikiomba awe hai, naomba nini?

Mwezi 4 Mfunguo tano

Mafuriko. Tunakwenda shambani kwa mtumbwi. Mbwa amevuliwa kawa. Nililitazama nikaona sitaki kulirudishia kazi yake ya zamani.

Mwezi 9

Leo nimefanya jambo.

Mwanawetu alikwenda kwa mjomba wake kutazama mgonjwa. Nilimwita mbwa, akaja. Kidonda kimefunga, kimebaki kigaga chekundu upande wa koo. Nikampandisha mtumbwini, nikapiga kafi mpaka ng'ambo, kule kwenye mwinuko unaoelekea Chumbi, mahali maji hayafiki. Niliwaza kwamba mbwa akienda zake, yote yatakwenda naye, na karatasi nitaichoma. Nikafika. Nikamwamuru ashuke.

Akakaa. Nikampiga kafi kidogo matakoni, akajikunja chini ya ubao wa kukalia. Nikamvuta mguu, akalala kimgongomgongo akanionyesha tumbo. Ikanibidi nimbebe. Mikono yangu ilipita chini ya shingo yake, na kwa kidole nikakigusa kile kigaga cha mahali nilipokata mimi mwenyewe, kikiwa cha moto kidogo. Alinilamba kidevu. Nilisimama majini mpaka mapajani, mwalimu mzima, nimekumbatia mbwa, na sikujua nimpeleke upande upi.

Nikamrudisha. Kidevu nimekiosha mara saba. Mwanawetu aliporudi aliona mbwa ana maji akauliza. Nilimwambia nilimpeleka kuoga. Alinitazama, halafu akasema, "Ahsante," nami nikatamani angenitukana.

Mwezi 15

Mpunga umeanza kubeba.

Mwezi 16

Mvua.

Mwezi 22

Nguruwe. Waliingia alfajiri upande wa magharibi, saba au wanane, mimi dunguni napiga debe na kupaza sauti, wao wanakula. Mbwa alitoka nyumbani kwa mbio, maji yakimfika tumboni, akawaingilia katikati. Nilishuka na mkuki. Tuliwatoa. Tumepoteza kama robo ya jaruba. Bila yeye nisingeandika robo.

Kigaga kimepasuka kidogo. Nilimpaka asali mimi mwenyewe, kwa jani, kabla Mwanawetu hajafika. Alipofika na kaniki yake akakuta kazi imekwisha. Nikaona, labda nimejidanganya, kwamba safari hii ni yeye aliyeona wivu.

Mwezi 3 Mfunguo sita

Sasa mbwa analala chini ya dungu langu. Asubuhi huenda kwa Mwanawetu, jioni hurudi kwangu. Tunagawana mlinzi kama wake wenza wanavyogawana zamu. Nimemwambia hivyo Mwanawetu akacheka, kicheko cha kwanza tangu Ashura. Nilipanda dunguni nikiwa mwepesi, mpaka nilipokumbuka kwamba kicheko kile si halali yangu.

Mwezi 12

Maulidi. Watu wamekuja wachache, lakini wamekuja, hata Huseni. Nilisoma mimi, kama kila mwaka. Wanawake walikuwa ndani nyuma ya pazia, na sauti ya Mwanawetu katika kuitikia naijua hata zikiwa mia. Tulipofika kisimamo, watu wote wamesimama, sauti yangu ikakatika. Nilikohoa. Nikaanza tena, ikakatika palepale. Huseni akanipokea akamaliza yeye, na sauti yake ni mbaya.

Baadaye watu walinipa pole kwa kikohozi.

Mwezi 13

Katika daftari hili mwezi 6 Mfunguo nne niliandika yaliyomo katika karatasi. Sikuandika yote. Hata humu, ambamo hakuna anayesoma ila mimi, niliruka mstari. Mstari wenyewe ndio wa kwanza:

"Kwako Mwalimu Mfaume wa Mtunda. Waraka huu naupeleka kwako kwa kuwa hapo kwetu hakuna mwingine wa kumsomea mke wangu, na kwa kuwa hata talaka uliniandikia wewe. Msomee kama ulivyoandikwa."

Hakujua. Alipokuwa akisema maneno hayo na Haruni akiandika, mimi nilikuwa hapa nahesabu eda ya mkewe kwa vidole.

Asubuhi ya leo nilitoa karatasi paani, nikamkuta Mwanawetu jikoni anapuliza moto. Mbwa alikuwa kizingitini. Nilimwambia akae. Akakaa. Nikamsomea yote, kuanzia mstari ule wa kwanza, kama ulivyoandikwa. Nilipomaliza nilimwambia kwamba nilidanganya, kwamba haikuwa mizizi, na kwamba kwa sheria yeye si mke wangu na hajapata kuwa.

Aliendelea kupuliza moto hata maji yakaanza kuchemka.

"Najua," akasema.

Nikamwuliza anajuaje, naye hasomi.

"Nilijua ni karatasi tangu siku ile. Mizizi haimfanyi mtu akae nyuma ya choo mpaka damu imkauke mikononi. Lakini ilivyoandikwa sikujua. Kesho yake ukahama kitanda, nikajua. Mwalimu, wewe uniache kwa sababu ya panya na nguruwe? Niliona unaogopa haramu. Kitu gani kingenifanya haramu kwako ila Tamimu?"

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema.

"Kusema ilikuwa kazi yako. Nimehesabu Ijumaa kumi. Kila Ijumaa ulipokuwa ukienda msikitini nilisema leo atarudi aniambie. Ungelala kwangu huku unajua, ningekuchukia mpaka kufa. Hukulala. Lakini ulinifanya nimlilie mtu kwa siri nyumbani mwangu, na wewe ndiye uliyekuwa na habari zake."

Alifunga nguo zake katika mkeka, akachukua kinu chake, akahamia kwa Bi Mwanamina. Ni hatua arobaini. Mbwa alimfuata, akafika katikati ya uwanja, akasimama, akanitazama, akamtazama yeye, kisha akaenda. Mimi ningeenda pia.

Mwezi 14

Nimewaambia watu barazani. Nimeisoma karatasi mbele yao. Mzee mmoja akauliza kama nina hakika na tarehe. Nikasema nina hakika. Huseni hakusema neno, na kwa Huseni hiyo ni rehema.

Mwezi 20

Mpunga unaanza kugeuka rangi. Mbwa anakuja zamu ya jioni. Haingii kwangu.

Mwezi 29

Nimepika mwenyewe. Sitaandika nini.

Mwezi 5 Mfunguo saba

Haruni amekuja. Yule aliyeandika waraka. Mtu wa makamo, amekonda, ana cheti cha kujisalimisha alichopewa bomani, amekishika kama mtu anayeogopa upepo. Nilimpeleka kwa Bi Mwanamina, tukakaa barazani, Mwanawetu akiwa ndani nyuma ya mlango.

Alieleza kwamba mwezi ule wa Rajabu vivuko vyote vilikuwa na askari wanaopekua watu. Tamimu akasema mbwa hapekuliwi. Akamfunga kifuko, akamtupia mawe mpaka akaondoka. Mbwa kumbe alikamatwa na watu wa Chumbi, wakamfunga kwenye mashamba yao alinde, na hakuna aliyejali shingo yake, mpaka alipokata kamba. Tamimu alikuwa akiuliza kila anayekuja kama mbwa amefika. Walikimbilia msituni, chakula kikaisha, wakala mizizi. Akashikwa na homa. Alikufa Mfunguo mosi, baada tu ya Ramadhani, mwezi kumi au kumi na moja, Haruni hakumbuki sawasawa, na walimzika kwa majani kwa kuwa hawakuwa na sanda.

Sisi tulioana Mfunguo mosi, mwezi kumi na tano. Kulikuwa na ngoma.

Haruni alipomaliza tukasikia mbwa anakwaruza mbao, na mlango ukafunguliwa kidogo akaingia.

Mwezi 6

Nilimtuma Bi Mwanamina ampelekee maneno. Vitabu vinasema eda ya kufiwa huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, hata kama mke hakujua. Basi miezi minne na siku kumi zake zilikwisha tangu Mfunguo tano. Nilisema ninamwambia kama mwalimu, si kama mwingine yeyote. Bi Mwanamina alinitazama akasema mdomo wangu unasema hivyo.

Jibu lilirudi kabla ya adhuhuri. Hizo ni hesabu za Mwalimu, kasema. Eda moja ya Tamimu nilimhesabia mimi, na hii ataihesabu mwenyewe, tangu siku aliyosikia. Amevaa nguo nyeupe za eda. Mpunga wake nimvunie mimi, na fungu lake nilipeleke.

Kwa hiyo miezi minne na siku kumi atakuwa wa Tamimu, kwa hiari yake, mchana kweupe. Niliuma kidole. Nilikuwa na wivu jana na nina wivu leo, na safari hii sina hata pa kuuficha.

Mwezi 17

Tunavuna. Mpunga ni mzuri, hata ule wa upande wa magharibi. Nimepeleka fungu lake la kwanza, na nikaona ni kubwa kuliko langu, nikaliacha hivyohivyo.

Mwezi 21

Bi Mwanamina amekuja kuazima ubao wa chuo na wino wa masizi. Nikamwuliza wa nini. Akasema ametumwa, na ametumwa na maneno, na maneno yenyewe ameyarudia njia nzima asiyaangushe.

"Anasema hivi. Ukitaka kumposa tena eda yake ikiisha, yeye hasemi ndiyo wala hapana. Lakini posa yako isije kwa mdomo wa mtu. Iandike. Na atakayeisoma ni yeye. Kwa hiyo umfundishe."

Nikasema mtu hujifunza vipi nyuma ya mlango. Bi Mwanamina akasema yeye ana miguu.

Niliandika alifu, be, te. Mkono wangu, ambao umeandika talaka na majina ya pamba bila kutikisika, uliiharibu te, nikaifuta, nikaandika tena.

Mwezi 22

Ubao umerudi. Alifu yake imelala kama mlevi. Be ni nzuri. Nimemwekea the na jimu.

Mwezi 28

Ubao huenda na kurudi mara mbili kwa siku. Bi Mwanamina analalamika magoti. Mbwa humsindikiza kuja na kumsindikiza kurudi, na kovu lake sasa limeota manyoya mafupi meupe. Leo pembeni mwa ubao kulikuwa na herufi moja ambayo sikumwekea. Alikuwa ameikopa kutoka mahali, labda kwenye kanga ya mtu au kwenye msahafu wa shangazi yake. Nilikaa nikiitazama nikiwa na wivu na yeyote aliyemwonyesha.

Mwezi 3 Mfunguo nane

Amefika sini. Ana haraka kuliko mtoto yeyote niliyemfundisha. Nimepiga hesabu. Kwa mwendo huu atafika ye, herufi ya mwisho, kabla ya mwezi kwisha, na Rajabu ataunganisha. Akiweza kuunganisha ataweza kusoma kila kilichoandikwa kwa lugha yetu, na daftari hili nimeliandika kwa lugha yetu. Limo kila jambo. Niliposikiliza nyuma ya kiambaza limo, na mtumbwi umo, na zile Ijumaa kumi alizokuwa akizihesabu, mimi nilizijaza kwa uwongo, moja moja, kwa tarehe zake.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa jikoni mbele ya moto, nimelishika. Nilichana ukurasa mmoja, ule wa mtumbwi. Nikakaa nao. Kisha nikachukua gundi ya mti nikaurudishia, umekaa upande kidogo lakini unasomeka.

Tangu juzi nimejaribu kuandika posa. Nimeandika tatu, zote kwa hati nzuri, na katika zote tatu mimi ni mtu mwema. Nimezitia motoni. Eda yake ikiisha nitampa Bi Mwanamina daftari hili ampelekee. Sina posa nyingine. Asome mwenyewe, kuanzia mwanzo, kisha anijibu.